Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Vitendanishi kwanza, mashine baadaye

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KIPIMO CHA FLOSAITOMETRI KWA WAGONJWA WA ULOTO

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila zinapozungumzwa saratani za damu, mazungumzo huishia kwenye mashine: ipi inunuliwe, ikae hospitali gani, nani akate utepe. Mimi ni mteknolojia wa maabara na ombi langu limepinda njia nyingine. Kabla ya mashine mpya za flosaitometri, yaani kipimo kinachotambua aina za seli kwa mwanga wa leza, tutengewe fedha za vitendanishi (kemikali na kingamwili za kupimia), matengenezo na usafirishaji wa sampuli. Bila hivyo, mashine ya bei yoyote itafunikwa shuka na kugeuzwa meza ya mafaili.

Anakuja mgonjwa damu imepungua na haipandi, kameza vidonge vya madini chuma, kaongezewa damu, fizi zinavuja, homa haikati na malaria haionekani. Daktari atataka kuuona uloto wake, ute wa ndani ya mfupa unaozalisha damu. Sindano inaingizwa kwenye mfupa wa nyonga, uloto unavutwa, tone linapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, kisha darubini. Darubini ina kazi kubwa na asitokee mtu wa kuidharau. Tatizo ni kwamba seli changa za lukemia, yaani saratani ya damu, hufanana mno. Aina zake mbili, lukemia kali ya limfu na ile ya mailoidi, zinaweza kumchanganya hata mzoefu, na dawa zake ni mbalimbali. Ya kwanza hutibiwa kwa vinkristini, steroidi na asparajinesi, na mtoto huendelea na dawa kwa miaka 2 hadi 3. Ya pili hutegemea sitarabini na daunorubisini. Ukikosea aina, umempa mtoto sumu isiyo yake.

Flosaitometri hulitatua hilo kwa saa chache. Seli huchanganywa na kingamwili zilizobeba rangi zinazong'aa, kisha hupitishwa ndani ya maji, moja moja, mbele ya leza, maelfu kwa sekunde. Mashine husoma ukubwa wa kila seli, chembechembe zilizomo, na rangi zilizoishika. Kila kingamwili hutafuta alama yake kwenye seli. Alama ya CD34 hueleza kwamba seli bado ni changa. CD19 pamoja na CD79a huelekeza kwenye limfu za B. CD3 iliyo ndani ya seli huelekeza kwenye limfu za T. MPO huelekeza kwenye mailoidi. Kwa mgonjwa ambaye uloto wake umeacha kuzalisha damu, kipimo hikihiki, tena kwa damu ya mshipani tu, hutafuta seli zilizopoteza CD59, alama ya PNH, ugonjwa unaopasua chembe nyekundu za damu, ambao mara nyingi hujificha humo.

Hakitoshi peke yake. Lukemia sugu ya mailoidi huthibitishwa kwa kipimo cha jeni cha BCR-ABL, na magonjwa ya uloto ya wazee yaitwayo MDS yanataka kromosomu ziangaliwe. Nayasema haya mimi kwa sababu muuza mashine hatayasema.

Wala teknolojia hii si ngeni kwetu. Kipimo cha CD4 tulichokifanya miaka yote ya huduma za VVU ni flosaitometri. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri idadi ya CD4, na kipimo cha wingi wa virusi kikachukua nafasi ya kufuatilia tiba. CD4 imebaki kwa wagonjwa walioathirika sana, lakini msongamano ule haupo tena. Mashine ndogo za kuhesabia CD4 pekee hazitatusaidia kwenye lukemia, hilo niliseme wazi. Zinazosoma rangi 4 na kuendelea kwa pamoja zinaweza. Na watu waliojifunza kuziendesha, kuzisafisha na kuzihakiki kila asubuhi bado wapo makazini.

Kinachokosekana ni vitu visivyopigwa picha. Kingamwili huisha muda, hivyo kununua shehena moja kubwa kwa mwaka ni kununua takataka. Zinunuliwe kidogo kidogo, kwa mkataba wa Bohari ya Dawa unaoleta kila robo mwaka. Tuanze na orodha fupi: muungano wa EuroFlow wa Ulaya ulishapanga mrija mmoja wa kuanzia wenye kingamwili 8 unaotosha kuonyesha njia katika lukemia kali. Mashine ya rangi 4 itahitaji mirija zaidi, lakini kazi itafanyika.

Halafu barabara. Uloto ukishavutwa na kuwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, unatakiwa ufike maabara ndani ya saa 24, ukichelewa sana 48, bila kugandishwa. Baada ya hapo mashine husoma mizoga ya seli. Kutoka Kigoma au Sumbawanga hadi Dar es Salaam, kwa basi lililokabidhiwa kifurushi na ndugu wa mgonjwa, muda huo ni wa kubahatisha. Sampuli za wingi wa virusi na za kifua kikuu zina utaratibu wake wa kusafiri. Uloto upande gari hilohilo, uishie maabara ya kanda iliyo jirani.

Mtaalamu wa kusoma majibu hahitaji kuwepo kila kanda. Mashine huhifadhi taarifa za kila seli kwenye faili, na faili hutumwa kwa mtandao. Bingwa wa damu aliyeko Dar anaweza kusoma sampuli iliyopimwa Mwanza mchana uleule, mradi muda huo uhesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake na si fadhila.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Naomba kipimo hiki kiandikwe kwenye kitita kwa jina lake, na kwenye bajeti ijayo kifungu cha vitendanishi na matengenezo kitenganishwe na kile cha ununuzi wa vifaa, ili kimoja kisimezwe na kingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara,
Hospitali ya rufaa ya mkoa.