Abbott anajadiliwa, hasikilizwi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu habari mnazotuandikia za wanawake weusi katika siasa za Magharibi. Mnatuhesabia viti: nani wa kwanza, sasa wamefika wangapi. Diane Abbott alichaguliwa mwaka 1987 huko Hackney, London, akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Uingereza. Kiti anacho. Zamu ya kusema je?

Machi 2024 gazeti la The Guardian lilifichua kwamba Frank Hester, tajiri aliyekichangia chama cha Conservative paundi milioni 10, aliwahi kusema mwaka 2019 kuwa ukimwona Abbott unatamani kuwachukia wanawake weusi wote, na kwamba anastahili kupigwa risasi. Siku mbili baadaye kikawadia kipindi cha maswali kwa Waziri Mkuu. Keir Starmer, aliyekuwa kiongozi wa upinzani kutoka chama cha Labour, akaligusia suala hilo, Waziri Mkuu wa wakati huo Rishi Sunak wa Conservative akajibu, wengine wakadakia. Abbott mwenyewe yumo ukumbini. Anasimama kuomba zamu ya kusema, anaketi, anasimama tena, mara 46, na Spika hakumwita hata mara moja. Ofisi ya Spika ikaeleza kuwa muda haukutosha. Wa kumjadili ulitosha!

Kikao kilipokwisha Starmer alimfuata Abbott kumuuliza amsaidie nini. Akamjibu kwa ufupi: amrudishe katika kundi la wabunge wa Labour, chama chao wote wawili. (Alikuwa amesimamishwa mwaka uliotangulia kwa barua yake gazetini kuhusu ubaguzi, barua aliyoiombea radhi. Simfanyi malaika.)

Shirika la Amnesty lilichunguza matusi waliyorushiwa wabunge wanawake kwenye Twitter katika wiki sita kabla ya uchaguzi wa 2017, likakuta karibu nusu yalimlenga yeye peke yake. Takwimu hiyo waandishi wanaipenda, nami sisemi muiache. Ila mwaka 2008 mama huyu alisimama bungeni kupinga washukiwa wa ugaidi kushikiliwa siku 42 bila mashtaka, akiipinga serikali ya chama chake mwenyewe, na hotuba ile ikapata tuzo ya jarida la The Spectator, ambalo si rafiki wa Labour hata kidogo. Matusi aliyorushiwa tumeyasoma kwa Kiswahili. Hotuba hiyo, nani kati yetu ameisoma walau aya mbili?

Kumbukumbu za Bunge hilo ziko wazi kwa kila mtu, bila malipo, na wafasiri mnao. Tutafsirieni.

Msomaji wenu,
London