Gari limenielemea, na kijana wa watu analitaka

Kwako Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nakuru, nina mke na watoto watatu. Kuna kijana anayesubiri jibu langu kufikia Ijumaa, na sijui nimwambie nini.

Mwaka 2022 nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba nikanunua gari la Kijerumani la aina ya saluni, la mwaka 2012: lita 3, silinda 6, turbo, nguvu za farasi zaidi ya 300. Tangu nikiwa mvulana kule Njoro nilikuwa nikisikia magari ya aina hiyo yakipita, naacha kuchunga na kuyatazama mpaka yapotee. Nililipata kwa shilingi 1,350,000. Jirani yangu alikuwa amelipa karibu hizohizo kwa gari dogo la Kijapani, nikaona mimi ndiye niliyepata.

Dalali alisema limetembea 61,000, na kweli ndivyo dashibodi ilivyosoma. Lakini gari lilitoka Uingereza, ambako huhesabu kwa maili. Fundi ndiye aliyenizindua miezi baadaye kwamba hizo ni kilomita zipatazo 98,000. Isitoshe, sheria yetu hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini, kwa hivyo mengi huletwa yakikaribia umri huo, warantii ilishaisha na plastiki za kwenye injini zimekaukiana kwa joto.

Plastiki hizo nimezijua, Shangazi. Agosti 2023 tulikuwa tunapanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, tunaelekea matangani Kericho, watoto wamelala nyuma. Taa nyekundu ikawaka, gari likaishiwa nguvu mlimani, malori yanatupita ubavuni. Pampu ya maji ya gari hili ni ya umeme, haizungushwi na mkanda. Mara nyingi hufa ghafla, bila kukuonya mapema. Fundi alipofungua boneti alishika kiungio cha mpira wa maji kwa vidole viwili tu, kikameguka kama biskuti. Akanionyesha vipande kiganjani mwake, vyeusi, vikavu. Pampu, thamostati na mipira vilikula 96,000, na gari likalala gereji wiki tatu likisubiri spea. Nashukuru nililizima upesi, maana kichwa cha injini ni cha alumini na joto lingekipinda.

Mafuta ya giaboksi nayo niliambiwa ni ya maisha, hayabadilishwi. Kumbe ZF, kampuni inayoitengeneza giaboksi yenyewe, inashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Nikabadilisha. Matairi ni yale yanayotembea hata yakitoboka, gari halina hata tairi la akiba, na moja likipasuka kwenye shimo nalipa 28,000.

Sasa lina magonjwa mawili. Asubuhi likiwa baridi turbo inagonga kama sarafu ndani ya mkebe. Na chini linavuja oili kwenye gasketi ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Gasketi yenyewe ni bei ya kuku watano, lakini kuifikia lazima injini ining'inizwe na fremu ya mbele ishushwe. Fundi amenipigia hesabu ya yote: 310,000. Mkopo umebaki 520,000, na binti yetu anaingia Gredi ya 10 Januari. Mke wangu hajanigombeza hata siku moja. Aliniuliza tu juzi, tukiwa mezani, kama ada ya mtoto ipo. Nilishindwa kumtazama.

Kijana niliyemtaja ni mwalimu mwenzangu, aliyeajiriwa mwaka jana. Ameliona gari likipita langoni, akapenda kama nilivyopenda mimi. Yuko tayari kutoa 900,000. Dalali niliyemshauri alisema nioshe injini, nifute makosa kwenye kompyuta ya gari, niliwashe mapema ili kijana alikute na joto, turbo isisikike. Madalali wanaoijua hali yake wanatoa 450,000, ambazo hazimalizi hata deni.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi ya yote. Pesa za kulinunua kijana anataka kuzikopa katika chama kilekile changu, na ananiomba mimi niwe mdhamini wake. Ananiita mwalimu wangu. Kila mapumziko ya chai huniuliza, "Mwalimu, tumefikia wapi?"

Sitaki kumficha. Lakini nikimwambia kila kitu huenda akaondoka, nami nibaki na deni na gari lisilokwenda. Nimefikiria kukopa tena nilitengeneze kwanza, kisha nimuuzie nikiwa na risiti zote mkononi. Ila ninaogopa likishafunguliwa fundi atakuta la tatu. Au nimpe kwa 590,000 na karatasi ya hesabu ya fundi, aamue mwenyewe? Mshahara wake naujua, nilianza na kama huo. Je, ni haki kumuuzia gari hili hata akijua yote, na hata akisema anaweza?

Na kwa wasomaji waliowahi kuwa na magari haya: turbo ikianza kugonga hivyo, mlikaa nayo muda gani kabla haijawaachia njiani?

Mwalimu, Nakuru