Nyota inayoficha asili ya majina

Ndugu Mhariri,

Naifuatilia kwa makini safu yenu inayowafundisha wasomaji kuandika programu za kompyuta, na nashukuru kwamba kazi hiyo inafanywa kwa Kiswahili. Hata hivyo, kuna jambo moja katika mifano yake ambalo ningeomba liachwe kabla wanafunzi hawajalizoea, nalo ni kuingiza kila kilichomo katika maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa amri zilizokwisha kuandikwa, kwa alama moja ya nyota (*), bila kutaja majina yanayohitajika.

Mwandishi wa safu anasema kuwa kwa njia hiyo msimbo, yaani maandishi ya programu, huwa mfupi. Ni kweli, lakini tuitazame lugha ya Python, ambayo ina amri yake ya kujumlisha iitwayo sum. Ukiipa namba kuanzia 0 hadi 4, kisha ukaongeza -1 baada ya mkato, itaihesabu -1 kuwa mahali pa kuanzia, na jibu litakuwa 9. Sasa weka juu ya faili mstari wa kuingiza kila kitu kutoka NumPy, maktaba ya Python ya kufanyia hesabu, usiguse pengine popote: maandishi yale yale yatatoa 10, kwa kuwa sum ya NumPy imekalia kiti cha wajina wake, nayo huichukulia -1 kuwa ni mhimili wa kujumlishia, yaani upande ambao namba zijumlishwe kwao, si namba ya kuongezwa. Hakuna onyo linalotolewa na programu haisimami. Anayesoma mstari wa mia mbili hana dalili yoyote kwamba sum anayoiona siyo ile anayoijua. Niliwahi kupoteza alasiri nzima kwa kosa la namna hii, na aliyeliandika nilikuwa mimi mwenyewe.

Lugha ya Java ina nafuu kidogo, maana kompaila yake, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta, hukataa jina lenye utata. Lakini nako nyota ilileta usumbufu mwaka 1998, pale toleo la 1.2 lilipoleta jina List katika kifurushi (kikundi cha majina) cha java.util ilhali java.awt tayari ilikuwa na List yake. Programu iliyoingiza vifurushi vyote viwili kwa nyota na kutaja List bila kifurushi chake iligoma kukompailiwa, ingawa mwenyewe hakuwa amebadilisha hata herufi moja. Aliyekuwa ametaja waziwazi List aliyoitaka hakupata tabu hiyo.

Sisemi kwamba kila jina liandikwe na ukoo wake wote, kwani msururu wa majina marefu nao humchosha msomaji. Wala sina ugomvi na anayetumia nyota akiwa anajaribu jambo la dakika mbili ambalo halitahifadhiwa. Watumiaji wa C, lugha isiyo na maeneo ya majina, yaani njia ya kutenganisha majina yanayofanana, walijifunza zamani kutanguliza jina la maktaba, kama katika sqlite3_open. Haipendezi machoni, lakini hakuna anayeuliza amri hiyo imetoka wapi.

Kwa hiyo naomba mifano ijayo iingize NumPy kwa jina la mkato np, kama wengi wanavyofanya, na amri yake ya kujumlisha iandikwe np.sum. Ni herufi mbili na nukta tu zitakazoongezeka, na nafasi hiyo gazeti lenu halitaikosa.

Wenu,
Msomaji na mwandishi wa programu