Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wenye Mikahawa na Nyumba za Wageni, Mji wa Lamu

Wazee wangu, mama zangu na ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumefagia ufuo mara tatu, tumechanga katika misiba miwili, na futari ya Ramadhani tuliiandaa kama kila mwaka. Sitarefusha hapo.

Nataka kusema juu ya ile ruzuku, kwa sababu yamesemwa mengi barazani ambayo hayakuletwa mkutanoni. Serikali ilitupa Sh480,000 ili wafanyabiashara tuielewe sheria ya mazingira na tuifuate. Barua ya ombi niliandika mimi, nikaifuatilia miezi saba, na nauli ya boti mpaka Mokowe, ng'ambo bara, nilitoa mfukoni mwangu. Pesa zilipoingia, baadhi yenu mkataka zigawanywe. Tuko 64, kila mmoja angepata Sh7,500. Kamati ilikataa, na wa kwanza kukataa ni mimi. Zilikuja na masharti ya maandishi: mafunzo, mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, na risiti kwa kila shilingi. Tungezigawa tungedaiwa, na aliyetia sahihi ni mwenyekiti.

Na kazi imeonekana. Mtaalamu alipita jikoni kwa jikoni siku nne. Kwa mwanachama mmoja wa mtaa wa Langoni alifungua bomba la sinki akatia kijiti, kikatoka kimegandwa na mafuta meupe kama samli. Bomba lile lilikuwa likimwaga mtaroni, na mtaro unaishia baharini, pale pale watoto wanapoogelea. Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza kumwaga maji machafu ya biashara ovyo bila kibali. Wangapi tulilijua hilo? Leo ana tangi dogo la kunasa mafuta, na hulisafisha kila Ijumaa asubuhi.

Wengi wetu tulidhani haya ni mambo ya miradi mikubwa, kama ule wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu, uliofutiwa leseni Juni 2019. Sheria ya Mazingira ya 1999 inamgusa hata mwenye meza sita. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na faini yake ni kati ya Sh milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Nani kati yetu anaweza kulipa hiyo? Ndiyo maana nikasimama imara, na leo ningesimama vile vile.

Lililoniuma ni mahudhurio. Mafunzo ya siku mbili, bila malipo, chai na mahamri tayari, wakaja watu 19. Waliodai mgao kwa sauti kubwa, sikumwona hata mmoja.

Ada wamelipa 23. Mapato ya ada Sh69,000, matumizi ya chama Sh58,400, ruzuku iliyotumika Sh451,000, na Sh29,000 za ruzuku zimo benki. Risiti anazo mweka hazina. Mwenye shaka aende akazikague.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumaini kuomba ruzuku nyingine, ya matangi, na pengine kupata njia bora ya kuondoa taka za jikoni. Lakini sitapanda boti tena kuombea chama ambacho watu 41 hawajalipa Sh3,000. Mweka hazina yuko dukani kwake kila siku baada ya Alasiri.

Wasalaam,
Mwenyekiti