Kabla Hatujakuuzia Bata Mzinga, Tunakuuliza Kuhusu Kuku Wako

Kila mwaka, kuanzia mwezi Mei, wateja wetu wa hapa Moshi huanza kuagiza vifaranga wa bata mzinga ili wapate nyama ya Krismasi, wakati ndugu walio Dar es Salaam na kwingineko wanaporejea Uru, Kibosho, Machame na Rombo. Hesabu yao ni sahihi, kwa kuwa bata mzinga wa kienyeji huhitaji takriban miezi sita hadi saba ili afikie uzito mzuri wa kuchinjwa. Hata hivyo, hatupokei fedha ya mteja yeyote kabla ya kumuuliza kama nyumbani kwake kuna kuku.

Kuku wengi wanaojitafutia chakula nje hubeba minyoo midogo katika utumbo mpofu, yaani sehemu ya utumbo iliyoziba upande mmoja, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo hujificha kijidudu kinachoitwa Histomonas meleagridis. Kuku mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Mayai hayo hutoka pamoja na kinyesi, hudumu udongoni kwa miaka, na humezwa pia na nyungunyungu, ambao ni wengi katika udongo wa kihamba (shamba la migomba linalozunguka nyumba) wenye samadi na unyevunyevu chini ya migomba. Bata mzinga akidonoa hapo, kijidudu hushambulia utumbo mpofu kisha ini, na baada ya wiki moja au mbili ndege huzubaa, hushusha mabawa, hukataa chakula na kuharisha kinyesi cha njano kinachofanana na unga wa kiberiti. Akishaugua mmoja, wenzake wanaweza kuambukizwa naye moja kwa moja bila hata minyoo kuhusika. Chanjo ya kukinga ugonjwa huu hatuna ya kumpa mfugaji.

Tulipokuwa wapya katika biashara hii, mteja mmoja alipoteza karibu kundi lote, na sote tulidhani ni mdondo, ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi, hadi bata mzinga mmoja alipopasuliwa na ini lake likaonekana lina madoa ya mviringo. Tuliumia sana, kwa sababu tulimuuzia bila kumuuliza lolote, naye akawaweka katika banda alilowatoa kuku wiki iliyotangulia.

Kwa mwenye eneo dogo, ambaye hawezi kutenga shamba jingine, tunashauri banda la kichanja lenye sakafu ya mabanzi yaliyoachana kidogo au wavu imara, ili kinyesi kidondoke chini na ndege wasiguse udongo kabisa. Viatu vya kuingilia humo viwe vya humo tu. Kuku wapewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Jambo hilo hupunguza hatari, ingawa haliiondoi.

Tunauza vifaranga wakiwa na umri wa wiki nane, ingawa bei huwa juu kuliko ya kifaranga wa siku moja, kwa sababu wanaokusudiwa kwa Krismasi huanguliwa kuelekea Juni, baridi inapoanza kukaza. Katika wiki ya kwanza wanahitaji joto la takriban nyuzi 35 za Selsiasi, ambalo hupunguzwa kwa nyuzi tatu hivi kila wiki. Chakula cha kuanzia nacho kinapaswa kuwa na protini ya karibu asilimia 28, hivyo chakula cha kawaida cha vifaranga wa kuku hakiwatoshi. Wengine hufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na chakula, kwa sababu hawakijui, na hao tunawatumbukiza midomo majini na kuwakatiakatia mayai ya kuchemsha mpaka wajifunze kudonoa. Kazi hiyo tunaifanya sisi, pamoja na chanjo ya mdondo.

Mteja mwenye kuku tunamtembelea kwanza tukaone banda lake. Likiwa bado halijawa tayari, vifaranga wake hubaki kwetu hadi atakapolimaliza.