Donda lisilopona lipimwe kinyama, si kuongezewa "kinga"

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya dawa za "kuongeza kinga" yamejaa redioni na kwenye vituo vya mabasi, na wauzaji wake sasa wanawafuata hadi watu wenye madonda ndugu na makovu ya moto yaliyofumuka. Wanawaambia donda haliponi kwa sababu kinga imeshuka. Naomba nafasi nieleze kwa nini ushauri huo unamchelewesha mgonjwa kupimwa kinyama, yaani kukatwa kipande kidogo cha donda kitazamwe maabara kama kina saratani, hata kumgharimu mguu.

Kata kipande cha donda la miaka mitano, ukitazame kwa hadubini: askari wa mwili, yaani seli nyeupe za kinga, hawajapungua, wamesongamana. Juu, kwenye usaha, zimejaa neutrofili. Chini yake makrofaji, na chini zaidi limfosaiti. Katika jeraha jipya neutrofili humaliza kazi ndani ya siku chache zikafa, makrofaji zikazoa mabaki, ngozi ikajifunga. Katika donda sugu zamu haiishi. Neutrofili huua bakteria kwa kumwaga kemikali kali za oksijeni, nazo hazichagui: huharibu pia vinasaba vya seli za ngozi zilizo ukingoni, ambazo usiku na mchana zinagawanyika zikijaribu kuziba pengo. Hapo ndipo kosa la vinasaba linapozaliwa. Kisha makrofaji, ambazo kwa kawaida ni mafundi wa kujenga, huihudumia seli iliyokosea kama zinavyohudumia seli nzima. Huipa vichocheo vya kukua, huiitia mishipa mipya ya damu, na vimeng'enya vyake hukata utando unaotenganisha ngozi ya juu na nyama ya chini. Utando ukikatika, saratani imepata njia.

Si habari ya jana hii. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliziona seli nyeupe ndani ya uvimbe wa saratani mwaka 1863, akahusisha saratani na kidonda cha muda mrefu. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba panya wasioweza kutengeneza TNF-alfa, mojawapo ya kemikali ambazo askari hao hutumia kuitana, walipopakwa kemikali za kuleta saratani ya ngozi walipata vivimbe vichache sana kuliko panya wa kawaida.

Sisemi kinga ni adui. Mtu aliyepandikizwa figo, anayemeza dawa za kushusha kinga, hupata saratani ya ngozi mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, kwa kuwa limfosaiti T, aina mojawapo ya limfosaiti, ndizo zinazowinda seli zilizoharibika. Jua nalo huharibu vinasaba na papo hapo kuwazubaisha walinzi wa ngozi. Ndiyo maana kofia pana, mikono mirefu na krimu ya jua si urembo kwa ndugu zetu wenye ualbino. Lakini hakuna chupa ya sokoni inayojua kuiamsha limfosaiti T na kuituliza makrofaji kwa wakati mmoja.

Donda lililokaa miezi 3 bila kupungua, au kovu la moto lililofumuka upya, lipimwe kinyama. Msisubiri hata kidogo ikiwa ukingo umeinuka na kujikunja nje, nyama inaota kama koliflawa, damu inatoka kwa kuguswa na shashi tu, au harufu na maumivu vimebadilika. Kovu la utotoni linaweza kugeuka miaka 30 baadaye.

Kwenye kukata ndiko makosa mengi yanakofanyika. Kinyama kikitolewa katikati ya donda, majibu yatasema "nyama iliyokufa na usaha", na mgonjwa atarudishwa kwenye antibayotiki miezi mingine sita. Kikatwe ukingoni, pale palipoinuka zaidi, kikiwa na ngozi nzima kidogo na kina cha kutosha. Bila kina, mpimaji hawezi kutofautisha saratani na ngozi iliyonenepa tu kwa kuchokozwa. Donda kubwa litolewe vipande vinne, kimoja kila upande. Kila kipande kiingie mara moja kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kipande, katika chupa ya mdomo mpana, kwani nyama ikishakaa humo hukakamaa na haitoki kwenye shingo nyembamba. Kikitiwa kwenye maji au dripu ya chumvi, kitafika maabara kimeoza. Fomu ieleze donda lina miaka mingapi, lilianzia wapi (moto, ajali, jipu) na kila kipande kimetoka upande gani. Majibu yakisema hakuna saratani na donda bado linapanuka, kateni tena.

Siku hiyohiyo ya kwanza, tezi za kinena au za kwapa zipapaswe, maana saratani ya kovu ikivuka kovu husambaa haraka. Ikigunduliwa mapema, hukatwa pamoja na ngozi nzima ya takriban sentimita 2 kuizunguka, kisha pakapandikizwa ngozi. Ikifika mfupani, mara nyingi kinachoondoka ni kiungo chenyewe.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya ni dogo: fomalini, ganzi na kisu cha kukatia kinyama viwepo kwenye chumba cha kufungia vidonda, ambako wagonjwa hawa hupita kila wiki, visifungiwe thieta (chumba cha upasuaji) peke yake.

Msomaji wenu, mpimaji wa patholojia,
Mwanza