Risala ya Wanakikundi wa Muziki na Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Usiku wa Les Indes galantes

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walezi wetu, mabibi na mabwana,

Sisi wanakikundi wa muziki na maigizo, Waswahili tunaoishi na kusoma hapa Paris, tunakushukuru kwa kukubali kuja kutazama pamoja nasi rekodi ya opera ya Les Indes galantes, kama ilivyoonyeshwa upya katika jumba la Opéra Bastille mwaka 2019, Opera ya Paris ilipokuwa ikiadhimisha miaka 350 tangu kuasisiwa kwake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi hii ya mtunzi wa muziki Mfaransa Jean-Philippe Rameau ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1735, na mwaka uliofuata ikaongezewa sehemu ya nne, Les Sauvages. Muziki wa sehemu hiyo una asili yake katika ngoma iliyochezwa mjini humu mwaka 1725 na wenyeji wa Amerika walioletwa kutoka ng'ambo ya bahari; kutokana na ngoma hiyo Rameau alitunga kipande cha kinanda, kisha akakiingiza katika opera. Ngoma ikabaki, wenye ngoma wakasahauliwa.

Ndiyo maana tunauenzi uamuzi wa mwongozaji Clément Cogitore na mtunzi wa ngoma Bintou Dembélé wa kuwapa sehemu hiyo wachezaji wa krump, ngoma iliyozaliwa na vijana weusi wa Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miguu inakita, vifua vinatutumka, mikono inarushwa kama ya mtu anayejinasua kambani, na wakati huo huo wanamuziki wanaoongozwa na Leonardo García Alarcón wanapiga muziki ule ule wa Rameau kwa ala za zama zake. Wapo wanaosema kwamba mambo haya mawili hayapatani. Sisi tunaona kwamba mdundo wa Rameau ulikuwa ukiwangoja wachezaji wa namna hii, kwa kuwa ulitokana na miguu iliyokita ardhi.

Tumeanza kuyatafsiri maneno ya opera hii kwa Kiswahili, na tumekwama kwenye jina la sehemu hiyo ya nne, Les Sauvages. Neno lililotujia kwanza ni "washenzi", neno ambalo watu wa pwani yetu waliwaita watu wa bara, na miongoni mwetu wamo wajukuu wa walioita na wa walioitwa. Tulinyamaza kwa muda mrefu jioni hiyo. Kwa sasa tumeliacha jina katika Kifaransa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie kumpata mtaalamu wa Kifaransa cha karne ya 18 atakayeipitia tafsiri yetu, pamoja na ukumbi wa kufanyia mazoezi, kwani chumba tunachotumia hakina nafasi ya kuchezea ngoma, na sehemu hii bila ngoma haiwezi kuonyeshwa.

Tunaomba kuwasilisha.